Stempu Zimepanda Bei: Namna ya Kutuma Barua Kutoka Marekani Bila Kurudishiwa Bahasha

Januari 2019 stempu ya barua ya kawaida Marekani ilikuwa senti 55, ikakaa hapo zaidi ya miaka miwili. Halafu mambo yakabadilika: 58 Agosti 2021, 60 Julai 2022, 63 Januari 2023, 66 Julai mwaka huohuo, 68 Januari 2024, 73 Julai 2024, kisha 78 kuanzia Julai 13, 2025. Mara saba ndani ya miaka minne. Mwongozo huu unatumia viwango vya Julai 2025. Bei ikibadilika tena, hatua zitabaki zilezile. Utaweka namba mpya mahali pa hizi.

Anayebandika stempu moja ya Forever, ile ambayo thamani yake hufuata bei ya leo, kwenye barua nyepesi, ndefu kuliko upana wake, hahitaji kufanya lolote. Barua yake itafika. Wanaorudishiwa bahasha ni wengine: mwenye stempu za zamani zilizochapwa thamani, mwenye barua nzito, mwenye bahasha ya mraba, anayeandikia nyumbani Mombasa au Tanga, na yule aliyetia stempu kwenye bahasha za majibu miezi mitano kabla hazijatumwa. Tutakaa zaidi kwao.

Hatua ya 1: Jua tarehe mapema

Posta ya Marekani, USPS, tangu 2022 imekuwa ikibadilisha bei ya barua Januari na Julai, ingawa si lazima kila mara: Januari 2025 ilipita bila stempu kuguswa. Pendekezo hupelekwa kwanza Postal Regulatory Commission, tume inayosimamia bei za posta, na tangazo hutoka takriban miezi mitatu kabla. Bei ya Julai 13, 2025 ilitangazwa Aprili 9. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, ukaangalie ukurasa wa habari wa tovuti ya USPS. Usitegemee jumbe za kundi la WhatsApp. Bei zinazozungushwa humo mara nyingi ni za mapendekezo, au ni za vifurushi, ambavyo vina ratiba yake.

Mabadiliko huanza Jumapili. Barua uliyoibandika kwa bei ya zamani itumbukize kabla ya mkusanyo wa mwisho wa Jumamosi. Saa ya mkusanyo imeandikwa kwenye kisanduku cha bluu. Ukiitia jioni baada ya gari kupita, itachukuliwa Jumatatu, na Jumatatu ni bei mpya.

Hatua ya 2: Toa stempu zote kwenye droo, uzitenge

Zimwage mezani na uzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zilizoandikwa FOREVER. Hizi zilianza 2007, na ya kwanza ilikuwa na picha ya Liberty Bell, ikauzwa senti 41. Thamani yake ni bei ya leo ya barua ya aunsi moja (karibu gramu 28), bila kujali uliinunua lini. Ile ya senti 41 leo ni senti 78. Kanuni hiyo hufanya kazi pande zote mbili: Aprili 10, 2016 bei ilishuka kutoka 49 hadi 47, na kila Forever iliyonunuliwa kwa 49 ikawa ya 47 siku hiyo. Bei ya stempu haikuwa imeshuka tangu 1919, kwa hiyo usilale macho kwa kuhofia jambo hilo.

Ndani ya fungu hili angalia maneno madogo. Zipo zilizoandikwa "Additional Ounce", yaani aunsi ya ziada, na hizo ni senti 29 tu kila moja. Zipo za "Postcard", ambazo hazitoshi barua. Zipo "Two Ounce" na "Three Ounce". Ya bahasha isiyopita mashineni imeandikwa "Non-Machineable Surcharge", na mara nyingi ina picha ya kipepeo. Ile ya mviringo ni Global Forever, ya barua za nje. Zote hupanda na bei ya aina yake, na kosa la kawaida ni kubandika ya aunsi ya ziada peke yake kwenye barua kwa kudhani ni Forever ya kawaida. Hapo umepunguza senti 49.

Fungu la pili ni zenye namba: 32, 33, 34, 37, 39, 41, 44 na kadhalika. Thamani yake ni ile iliyochapwa, basi. Lakini hazifi. Stempu yoyote ya posta ya Marekani iliyotolewa tangu 1861 bado inakubalika ilimradi haijatumika na haijaharibika, hata za senti 3 ulizozikuta kwenye albamu ya mtu. Na kwa bei ya senti 78 kuna bahati ndogo hapa, kwa sababu jozi kadhaa zinakaa sawasawa bila senti kuzidi:

39 + 39 = 78
41 + 37 = 78
44 + 34 = 78
45 + 33 = 78

Mbili za 37 ni 74. Ongeza ya 3 na ya 1. Bei ikipanda, jozi hizi zitapungukiwa, hivyo mwenye fungu kubwa la namba azimalize kabla hajagusa Forever zake. Wengi hufanya kinyume: wanatumia Forever, ambazo thamani inawapandia, na kuziacha za namba droo­ni zikizidi kuwa ndogo.

Fungu la tatu ndilo linaloponza watu. Ni stempu zisizo na namba wala neno Forever. Kabla ya 2007 posta ilizoea kuchapa stempu za herufi wakati bei mpya haijajulikana, na kila herufi imebaki na thamani ya siku zake:

A, senti 15
B, senti 18
C, senti 20
D, senti 22
E, senti 25
F, senti 29
G, senti 32
H, senti 33

Kutokuwa na namba hakuzifanyi ziwe Forever. Mtu akibandika H moja kwenye barua leo amelipa chini ya nusu. Zipo pia za 2001, 2002 na 2006 zilizoandikwa "First-Class" bila namba. Zilikuwa za senti 34, 37 na 39 kwa mfuatano huo. Ukiwa na za herufi F una bahati: senti 29 ndiyo hasa bei ya sasa ya aunsi ya ziada, kwa hiyo Forever moja na F moja zinabeba barua ya aunsi mbili kamili.

Stempu iliyochanika, iliyopakwa gundi baada ya kung'olewa kwenye bahasha nyingine, au iliyofunikwa kwa selotepu haihesabiwi. Selotepu ndiyo huwashangaza watu: wanaiweka juu ya stempu isidondoke, na kwa kufanya hivyo wameibatilisha. Gundi ikiwa imekauka, paka gundi ya karatasi nyuma ya stempu, si kitu juu yake.

Hatua ya 3: Pima uzito, usikisie

Bei ya ndani ya nchi inakwenda hivi kwa barua yenye stempu:

aunsi 1: senti 78
aunsi 2: dola 1.07
aunsi 3: dola 1.36
aunsi 3.5: dola 1.65

Aunsi moja ni gramu 28.35. Ikizidi hata kidogo, inahesabiwa aunsi inayofuata, hakuna nusu. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha kabisa, weka kwenye gramu. Kama huna mizani, hesabu karatasi. Karatasi ya kawaida ya printa ya Marekani ina aunsi 0.16, karibu gramu 4.5. Bahasha ndefu ya kawaida, namba 10, ni kama aunsi 0.22. Karatasi nne na bahasha ni 0.86, salama. Tano zinafika 1.02, umeshavuka. Karatasi kumi zinakaa ndani ya aunsi mbili.

Picha iliyosafishwa ya inchi 4 kwa 6 ihesabu kama karatasi moja. Kadi nene ya harusi au ya kipaimara usiihesabu kabisa. Ipime, maana kadi hutofautiana sana.

Watu wengi wakiona barua ni nzito hubandika Forever mbili. Inafika, lakini umelipa 1.56 kwa huduma ya 1.07. Kama unatuma barua za aunsi mbili mara kwa mara, nunua stempu za aunsi ya ziada kaunta. Kama ni mara moja kwa mwaka, bandika mbili uendelee na maisha; senti 49 hazistahili safari ya posta.

Barua haiwezi kuzidi aunsi 3.5. Ikizidi hapo inahesabiwa bahasha kubwa, hata kama umbo lake ni dogo.

Hatua ya 4: Angalia umbo

Hapa ndipo ongezeko la bei linapojificha, kwa sababu tangazo la posta hutaja senti 78 kwa herufi kubwa na haya mengine kwenye jedwali la ndani.

Barua ya kawaida iwe na urefu kati ya inchi 5 na 11½, kimo kati ya inchi 3½ na 6⅛, na unene usiozidi robo inchi. Kwa sentimita: urefu 12.7 hadi 29.2, kimo 8.9 hadi 15.5, unene milimita 6. Urefu ni ule upande unaokwenda sambamba na anwani, hata ukiwa mfupi. Tengeneza kipimo chako: kata kipande cha kadibodi, toboa mwanya wa milimita 6, bahasha ipite bila kusukumwa.

Kisha gawanya urefu kwa kimo. Jibu liwe kati ya 1.3 na 2.5. Bahasha ya mraba inatoa 1, na mashine za kuchambua barua haziwezi kujua upande wa juu ni upi, hivyo inapigwa senti 49 za ziada. Jumla ni dola 1.27. Adhabu hiyohiyo inakwenda kwa bahasha yenye kibano cha chuma, kamba au kifungo, bahasha ngumu isiyopindika, na yenye kitu ndani kinachofanya unene usiwe sawa, kwa mfano ufunguo. Mhuri wa nta na utepe kwenye kadi za mialiko ni kundi hilohilo. Kuandika anwani kwa wima, sambamba na upande mfupi, pia kunaipeleka huko.

Kwa wanaoandaa harusi hili si jambo dogo. Mialiko 150 kwenye bahasha za mraba ni dola 73.50 zaidi ya mialiko 150 kwenye bahasha ndefu, kwa uzito uleule. Kabla hujamwambia mchapaji kiasi, chukua sampuli moja iliyokamilika, na kila kitu ndani, ipeleke kaunta ya posta wakaipime. Bado umeupenda mraba? Sawa, ila uwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bahasha kubwa, ile ya A4 au ya vyeti, huanzia dola 1.63 kwa aunsi ya kwanza. Mtego wake ni kwamba Forever mbili zinafika 1.56. Zimepungua senti saba, na senti saba zinatosha bahasha kurudi. Ongeza ya 5 na ya 2. Bahasha kubwa ikiwa ngumu, mathalani umeweka kadibodi kulinda cheti, au imevimba kwa sehemu, inahesabiwa kifurushi, bei inapanda zaidi. Kwa vyeti, karatasi mbili nene zinazopindika zinalinda vya kutosha.

Jambo la pembeni: chochote chenye stempu kinachozidi aunsi 10 au unene wa nusu inchi hakiruhusiwi kwenye kisanduku cha bluu. Kipeleke kaunta. Hiyo ni kanuni ya usalama, wala si ya bei, lakini bahasha inarudi vilevile na watu hudhani stempu ndizo zilizopungua.

Hatua ya 5: Nunua stempu ndogo

Kwa dola moja tu unaweza kujiondolea karibu usumbufu wote wa siku za mabadiliko. Omba kaunta stempu za senti 1, 2, 3, 5 na 10, chache za kila moja. Dirishani unaweza kununua mojamoja. Madukani na kwenye mashine mara nyingi utakuta Forever za kitabu cha 20 pekee, dola 15.60.

Unapoongeza, bandika zote kona ya juu kulia, mstari mmoja au miwili, bila moja kulalia nyingine. Iliyolaliwa haihesabiwi. Zikijaa, zishuke chini upande wa kulia. Zisiingie kwenye anwani wala inchi ya chini ya bahasha, ambako mashine huchapa mistari yake ya kusomea.

Hatua ya 6: Amua kama kulimbikiza kunalipa

Kila tangazo likitoka, ushauri unaosikika ni kununua Forever nyingi kabla ya siku. Ushauri si mbaya, ila piga hesabu kwanza. Ongezeko la 2025 lilikuwa senti 5. Familia inayotuma barua mbili kwa mwezi ingeokoa dola 1.20 kwa mwaka mzima. Ofisi ya kanisa, msikiti au chama inayotuma barua 200 kwa mwezi ingeokoa dola 60 ndani ya miezi sita, lakini ingepaswa kutoa dola 876 mkononi kwa mara moja. Kwa ofisi hiyo inafaa, kama fedha ipo na kabati lina ufunguo. Kwa familia, kitabu kimoja kinatosha.

Kulimbikiza kupita mahitaji ya mwaka hatukushauri. Stempu hupotea, hushikana kwenye unyevu, na posta hairudishi fedha taslimu kwa stempu ulizochoka nazo.

Na hapa onyo lenye uzito. Bei ikipanda, mitandao hujaa matangazo ya roli ya Forever 100 kwa dola 40 au 50. Roli halali ni dola 78. Punguzo la nusu bei ni dalili ya stempu bandia. Barua yenye stempu bandia posta huihesabu kama imetelekezwa: hairudishwi kwako, haipelekwi kwa mlengwa, inaweza kufunguliwa na kutupwa. Fikiria hati ya mahakama au hundi ya kodi ya nyumba ndani ya bahasha hiyo. Nunua kaunta, tovuti ya USPS, maduka makubwa ya vyakula au ya dawa.

Hatua ya 7: Bahasha za majibu

Bahasha unayoiweka ndani ili mtu akujibu itatumwa siku usiyoijua. Ibandike Forever, kamwe usibandike stempu za namba zilizotosha siku unayoifunga. Hili linahusu majibu ya mialiko, fomu za shule, michango ya vikundi. Ukiitaka nafuu, tumia kadi ya jibu yenye stempu ya "Postcard": iwe na ukubwa usiozidi inchi 4¼ kwa 6, isiwe ndani ya bahasha, na isiwe mraba.

Bahasha ya jibu usiichape ada kwa mashine ya ofisini kama unavyochapa barua zako. Chapa hiyo ina tarehe, na inatarajiwa kutumwa siku hiyo.

Hatua ya 8: Barua ya kwenda Afrika Mashariki

Bei moja inafika kila nchi: dola 1.70 kwa barua isiyozidi aunsi moja, iwe inakwenda Dar es Salaam, Kisumu, Bujumbura au Muscat. Stempu rahisi ni Global Forever moja, na ilivyo kwa Forever nyingine, iliyonunuliwa 2013 kwa dola 1.10 bado inatosha leo.

Ukiwa na Forever za ndani tu, zinakubalika kwa thamani ya senti 78 kila moja. Mbili ni 1.56, zinapungua senti 14. Tia ya 10, ya 3 na ya 1. Tatu zinatosha na kuzidi kwa senti 64. Watu wengi huamini Forever mbili zinafika Kenya au Tanzania. Hazifiki, na hazikufika hata kwa bei iliyopita: 1.46 dhidi ya 1.65.

Barua ikizidi aunsi moja, bei inategemea nchi. Tumia kikokotoo cha ada kwenye tovuti ya USPS, chagua nchi, kisha aina ya "Letter". Bahasha ya mraba ina nyongeza huku pia.

Ndani ya barua ya nje, tangu Januari 2018, huruhusiwi kutia bidhaa. Karatasi, picha, kadi, hati, sawa. Leso, pakiti ya mbegu, mkufu, kadi ya kumbukumbu ya simu, hapana, hata iwe nyepesi kuliko barua yenyewe. Vitu hivyo huenda kama kifurushi, pamoja na fomu ya forodha, na bei yake ni habari nyingine kabisa.

Anwani iandike kwa utaratibu huu: jina la mpokeaji, sanduku la posta, mji, na mstari wa mwisho jina la nchi kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, KENYA au TANZANIA. Tumia "P.O. Box" badala ya "S.L.P.", kwa sababu wachambuzi wa kwanza wa barua hiyo wako Marekani. Kwa Kenya weka msimbo wa posta baada ya namba ya sanduku, mfano P.O. Box 1234-00100, Nairobi. Tarakimu tano za mwisho zinaonyesha ofisi lilipo sanduku. Mpigie mpokeaji simu kwanza umuulize kama sanduku bado analilipia. Masanduku mengi ni ya shule, kazini au ya shemeji, na barua iliyolipiwa vizuri hukwama kwenye sanduku lililofungwa.

Hatua ya 9: Ofisi ndogo na barua za Certified Mail

Barua iliyochapwa ada kwa mashine au programu ya kompyuta ni senti 74 badala ya 78. Senti nne zinavutia, ila programu hizo hulipiwa kila mwezi. Kwa usajili wa dola 20, unahitaji barua 500 kwa mwezi ili urudi palepale ulipoanza. Chini ya hapo, stempu ni rahisi zaidi. Wenye mashine tayari, hakikisheni imepokea viwango vipya kabla ya Jumatatu ya kwanza. Isipounganishwa na mtandao wikendi hiyo, itachapa bei ya jana.

Kwa wanaotuma hati kwa wanasheria, mahakama au wenye nyumba kwa Certified Mail, yaani barua yenye uthibitisho wa kutumwa na kufikishwa, kumbukeni huduma hiyo ina bei yake juu ya stempu, nayo ilipanda: dola 5.30. Pamoja na barua ya aunsi moja ni 6.08. Ukitaka ile kadi ya kijani yenye saini ya mpokeaji, ongeza 4.40, jumla 10.48. Kuna risiti ya kielektroniki kwa 2.82, na kwa matumizi mengi inatosha. Forever hulipia senti 78 zake tu kati ya hizo.

Hatua ya 10: Barua ikirudi

Barua iliyopungukiwa ada ina njia mbili. Inaweza kupelekwa kwa mlengwa naye akatakiwa kulipa tofauti, jambo la aibu kwa mwaliko, au inarudi kwako. Isiyo na stempu kabisa hurudi. Kama hukuandika anwani yako kona ya juu kushoto, hairudi kokote isipokuwa kituo cha barua zilizopotea huko Atlanta. Iandike kila mara, hata kwa kadi ya Idi au Krismasi.

Ikirudi, usinunue bahasha mpya wala usianze upya. Soma mhuri au kibandiko chake: mara nyingi kiasi kinachopungua kimeandikwa. Stempu zako za mwanzo bado zinahesabika kwa sababu barua haikufikishwa. Ongeza kiasi kilichotajwa, kata kwa kalamu maneno yanayosema imerudishwa kwa ajili ya ada, kisha uitumbukize tena. Kama mashine imechapa mistari myeusi ya kusomea chini ya bahasha ikielekeza kwako, ifunike kwa kibandiko cheupe. Usipofanya hivyo mashine itaisoma na kuirudisha mlangoni kwako mara ya pili, ikiwa na stempu kamili.

Kiasi kisipoandikwa, ipime upya, pima unene, gawanya urefu kwa kimo. Uzito ukiwa sawa na stempu ukiziona zinatosha, angalia tena kama kati yake haipo ya aunsi ya ziada au ya herufi.